Terabaiti Ishirini za Siri

Jumatatu, 3 Machi

Mkurugenzi katangaza! Ijumaa atamteua msimamizi wa chumba cha mitambo, ufunguo na vyote vilivyomo. Tuko wawili tu. Mimi, miaka ishirini na sita kazini. Na Shemeji, mdogo wake mke wangu, mtunza nakala rudufu, aliyeingia juzi tu (miaka tisa iliyopita). Ufunguo huo umekaa mfukoni mwangu hadi mfuko umechukua umbo lake. Siutoi!

Mtambo wetu wa kuhifadhi data una nafasi ya terabaiti mia moja. Idara zote nimeziahidi jumla ya mia tatu na arobaini. Nijieleze, ingawa shajara hii naisoma mwenyewe. Kila idara hukatiwa sehemu yake, tunaiita voliumu. Kuna nene na nyembamba. Ukimkatia mtu voliumu nene ya terabaiti kumi, kumi zinatengwa papo hapo, atumie asitumie. Nyembamba, anaziona kumi kwenye skrini, lakini diski inamtolea kadiri anavyoandika. Watu huomba kumi wakajaza mbili. Kila mtu anafurahi. Nimemfundisha Shemeji somo hili mara nyingi. Huwa anapiga miayo.

Jumanne, 4 Machi

Mpango tayari! Nimejikatia terabaiti ishirini kwa siri. Nimeziita "Majaribio, Usifute". Mtambo ukijaa, watu watapiga kelele, Shemeji atahaha, nami nitaingia polepole na kuziachia zile ishirini. Mwokozi! Nani atamnyima mwokozi ufunguo? Mtambo uliniuliza maswali mengi wakati wa kukata. Nilijibu "Ndiyo" kila mahali. Chai ilikuwa inapoa.

Jumatano, 5 Machi

Asilimia sabini na moja. Mtambo mvivu huu, haujai! Nikaenda kwa Mzee wa Ramani, mwenye makabati ya ramani kuukuu anazosita kuziingiza kwenye mtambo kwa kuogopa kutumalizia nafasi. Nikamkumbusha kwamba ana terabaiti arobaini. Akauliza, zangu kweli? Nikamwambia zako kabisa, mzee mwenzangu, jimwage. Akanikumbatia. Akawasha skana zote tatu za kuingizia ramani.

Jioni, asilimia tisini na nne. Shemeji akauliza mbona namba inapanda kama homa. Nikamwambia ni hali ya kawaida kitaalamu. Akasema haya, Shemeji, wewe ndiye msomi.

Nimerudi nyumbani napiga mluzi. Mke wangu akauliza nimevunja nini.

Alhamisi, 6 Machi

Saa nne na dakika arobaini asubuhi. Asilimia mia! Mtambo umegoma kuandika. Mzee wa Ramani kaja mbio, miwani mkononi, analalamika kwamba skrini inamwonyesha nafasi tele lakini mto mkubwa wa ramani yake umekatika katikati, hauna mwisho. Mkurugenzi nyuma yake. Wakuu wa idara nyuma ya Mkurugenzi.

Nikasimama. Nikakohoa. Nikatangaza kwamba mtu mzima huona mbali, na kwamba ninazo terabaiti ishirini. Wote wakanipisha! Nikaifuta ile voliumu mbele yao ili nafasi irudi.

Asilimia mia.

Nikaangalia upya. Mia. Nikafuta skrini kwa leso. Mia. Mkurugenzi akauliza, kwa upole wa kutisha, ishirini zimekwenda wapi.

Hapo ndipo nilipokumbuka zile "Ndiyo". Bila kusoma, nilijikatia nyembamba. Sikuwa nimeandika chochote ndani yake, kwa hiyo haikushika nafasi hata punje. Nilijidanganya kama nilivyowadanganya wengine!

Shemeji alicheka hadi akashika mlango wa mtambo. Kisha akanyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni hapo tangu mwaka jana: voliumu ya dharura, terabaiti kumi na tano, ifutwe mtambo ukijaa. Naipita kila siku. Nilidhani ni tangazo la usafi. Akaifuta. Asilimia themanini na tano. Mto ukafika baharini. Mzee wa Ramani akapiga kigelegele, mwanamume mzima.

Shemeji akanigeukia. Akasema hiyo ilikuwa nene, Shemeji, kama ulivyonifundisha.

Ijumaa, 7 Machi

Kateuliwa Shemeji. Nilipiga makofi huku ufunguo ukiwa bado kiganjani. Ukalia. Wote wakageuka. Ikabidi niutoe.

Nyumbani habari ilishanitangulia. Mke wangu kanipokea kwa kuniuliza kama chakula cha jioni nakitaka kinene au chembamba.

Jumatatu, 10 Machi

Ufunguo umerudi! Shemeji hawezi baridi ya kile chumba. Alinipa akitetemeka ndani ya makoti mawili. Akasema kaa nao, Shemeji, lakini nakuomba sana, usiguse kitu kabla hujaniambia.

Diski mpya zimefika, terabaiti sitini. Kufikia mchana nilikuwa nimeziahidi idara terabaiti mia tatu.

Lakini mtu hujifunza. Safari hii nilianza na akiba yangu mwenyewe, terabaiti arobaini. Na kila swali nililisoma kwa makini, neno kwa neno, chai nikaiacha ipoe. Mtambo ukauliza: nene au nyembamba? Nikatafakari robo saa nzima. Nene inakula nafasi kupita kiasi.

Nikachagua nyembamba.