Banda Lililokuwa Linamuuma Mke Wangu

Jamani, leo nimeaibika mbele ya jumuiya nzima. Afadhali habari mzipate kwangu kabla hamjazipata kwa Mzee Philipo, maana yeye atatia chumvi.

Mnalijua banda langu la bustanini, lile la bati, tunamooshea karoti kabla hazijashuka mjini. Nililijenga mwenyewe. Nyumba nilijenga mwenyewe. Shule niliishia darasa la tatu, na hakuna mtu aliyewahi kunijengea hata choo. Kwa hiyo mwezi uliopita nilipotaka taa na pampu ndogo ya maji mle bandani, umeme nao nikauvuta mwenyewe.

Kwanza nilimwita Devota, binti wa jirani, fundi umeme, tunasali naye jumuiya moja. Akazunguka, akaangalia, akasema, "Babu, hapa tuchimbe mtaro tupitishe waya wa kufukia, ndani ya bomba. Banda liwe na swichi yake inayojikata yenyewe. Na tuweke ethi, maana humu mnashika maji."

"Ethi ndiyo nini?"

"Ni waya unaoupeleka ardhini umeme uliovuja, usipite mwilini mwako."

Nikamwambia asante, wasalimie nyumbani. (Nimeishi miaka sitini na nane bila ethi.) Nikashuka madukani Mwembesongo, nikanunua waya mwembamba wa ndani ya nyumba. Nikauchomeka kwenye soketi ya sebuleni, nikautoa dirishani, nikaupitisha juu ya ukingo wa bati mpaka bandani. Ulipopungua nikaunga kipande, nikafunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Taa ikawaka. Pampu ikavuta. Nikakaa juu ya debe nikaitazama kazi yangu.

Haikupita wiki, mke wangu Mama Koleta akaanza. "Baba Koleta, lile banda linauma."

"Linauma vipi?"

"Nikishika mlango, mkono unatetemeka mpaka kwenye kiwiko."

Nikaenda kuushika mlango. Kimya. Nikashika ukuta, nikashika pampu. Kimya. Nikamwambia huo ni uzee, ni mishipa. Akasema sawa. Kesho yake nikamkuta anausukuma mlango kwa mpini mkavu wa jembe. Nilicheka sana siku hiyo. Nikawasimulia watu sokoni kwamba mke wangu siku hizi anapiga hodi kwa mpini.

Wiki ya tatu akagoma kuosha karoti kabisa. Mimi nikaamua ni uvivu, au ni roho ya woga imemwingia. Nikawaalika jumuiya waje wamwombee. (Ndiyo, mmesoma sawasawa.)

Leo asubuhi wakaja, mvua kubwa ndiyo kwanza imekatika. Mimi nilikuwa shambani. Nikavua mabuti yangu ya mpira mlangoni, maana yalijaa matope, nikaingia pekupeku nikakaa mkekani na wenzangu. Mzee Philipo, mwenyekiti wetu, akamuuliza mke wangu anasumbuliwa na nini.

Akajibu polepole, "Mimi siumwi, mwenyekiti. Banda ndilo linaniuma."

Devota alikuwa amekaa kwenye kona. Akainua kichwa. "Babu, ule umeme alikuja kufunga nani?"

"Mimi."

"Na ethi uliweka?"

Watu wote wakanigeukia. Sasa mimi nihojiwe na binti, sebuleni kwangu, mbele ya wageni niliowaita mwenyewe? Nikasimama. "Njooni nyote mkaone hilo banda linavyouma."

"Babu, ngoja kwanza nikazime."

Sikungoja. Nikatangulia, pekupeku, ndani ya matope. Nilipofika bandani nikawageukia kama diwani anayehutubia, kisha nikaushika mlango wa bati kwa kiganja kizima.

Sina maneno ya kuwaeleza vizuri. Mkono ulijifunga ukakataa kufunguka. Meno yakagongana. Na mimi, Baba Koleta, mwenye wajukuu kumi na mmoja, nikalia, "Mama, nakufa." (Mama yangu tulimzika zamani sana.) Mzee Philipo akanyoosha mikono anivute. Nikamsikia Devota kutoka mlango wa nyumba, "Mtu yeyote asimguse!" Akakimbilia ndani kwenye swichi kuu, akazima. Mlango ukaniachia. Nikaenda kinyumenyume, nikakaa kitako ndani ya beseni la karoti.

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Mama Koleta akaja taratibu, akanitazama mle besenini, akamgeukia Mzee Philipo. "Mwenyekiti, tuendelee na sala? Tumwombee nani sasa?"

Hapo ndipo walipocheka. Mzee Philipo alishikilia mgomba asianguke.

Devota akapanda kukagua. Ukingo wa bati ulikuwa umekula ganda la waya kidogo kidogo, shaba imelala juu ya bati, banda zima lina umeme. Nikamuuliza, mbona siku zote mimi nashika na halinifanyi kitu? Akaelekeza kidole kwenye mabuti yangu pale mlangoni.

"Hayo ndiyo yalikuwa yanakulinda, babu. Bibi anaosha karoti amevaa nini miguuni?"

Havai kitu. Miaka yote anaosha pekupeku, maji yakimfika kwenye vifundo.

"Mvua kama hii ingemkuta humo ndani," Devota akasema, na hakumalizia. Kicheko kikaisha. Watu wakaaga mmoja mmoja, sala haikusaliwa.

Nikamfuata mke wangu jikoni. Katika miaka arobaini na tatu sijawahi kumwomba msamaha, sijui hata unaanzia wapi. Nikasimama mlangoni, mkono bado una ganzi.

"Mama Koleta. Lilikuwa linauma kweli."

Hakugeuka. "Wiki tatu," akasema. Akakoroga chungu chake. Halafu akasema, "Vaa viatu. Sakafu ina maji."

Waya wangu umekatwa. Kesho Devota anakuja na vifaa vyake, na mtaro nitachimba mimi, kimya kimya, pale atakaponionyesha. Ule mpini nimeuegemeza sebuleni mbele ya kiti changu, niwe nauona.

Haya, chekeni. Ila kabla hujacheka, nenda kamtazame mkeo, uone kama kuna kitu hapo nyumbani anakigusa kwa mpini.