Termosi Badala ya Mbuzi

Jumatatu, 5 Juni

Ushindi uko karibu! Baba Josaphat anataka mbuzi kumi na wawili ndipo nimwoe binti yake Solange. Mimi, mwalimu wa serikali kutoka Kasaï, mbuzi nitawatoa wapi? Mathe, mwalimu wa biolojia, ana zizi zima kule Kalunguta, na macho yake hayambanduki Solange. Lakini mimi nimesoma. Wataalamu wanasema mila hubadilika kama viumbe: jambo jipya huzuka, watu huiga mwenye heshima, la zamani hufa lenyewe. Basi mbuzi wa mahari na wafe! Mahali pao nitaweka termosi ya chai. Yenye utepe mwekundu.

Alhamisi, 8 Juni

Nani aigwe? Papa Henri, tajiri wa vitenge. Akivaa kofia leo, kesho mji wetu mzima wa Butembo una kofia. Mwanawe anaoa kule Beni Jumamosi. Nimemshawishi apeleke termosi. Kakubali! Mathe kanicheka, eti mila haivuliwi kama shati, huongezwa viraka tu. Wivu huo.

Jumamosi, 10 Juni

Beni. Termosi imepokelewa kwa vigelegele! Nyuma yake wakaingia mbuzi, wote kumi na wawili. Nikamvuta Papa Henri pembeni. Akashangaa: "Mwalimu, mbuzi njo mbuzi, hawezi kukosa. Termosi ni ya kupendezesha." Sawa. Mabadiliko huanza polepole.

Jumatano, 14 Juni

Imeenea! Utepe umekwisha sokoni. Hakuna bwana harusi anayethubutu kwenda ukweni bila termosi. Mama Abigaïl, shangazi wa Solange, anaapa kwamba hata nyanya ya nyanya yake alitolewa termosi: "Ni mila ya bankambo hii, ya mababu zetu, hapana kuichezea!" Nikabeba yangu, ya maua. Baba Josaphat akaipokea kwa mikono miwili, akachungulia nje kuwatafuta mbuzi. "Mais bambuzi iko wapi?" Nikamweleza nadharia tangu mwanzo. Akanywa vikombe viwili vya chai yangu, akauliza tena. Solange aliinamisha kichwa. Roho imeniuma sana.

Jumapili, 18 Juni

Mathe amemchumbia Solange. Kwa mbuzi kumi na wawili, na termosi kubwa kuliko yangu. Nimelia, sijala. Nampenda yule msichana.

Lakini sayansi haina kosa. Kosa ni termosi: kitu kidogo mno kumfukuza mbuzi. Na Solange ana mdogo wake, Adèle. Kesho asubuhi naenda kumwona Papa Henri kuhusu godoro.