Chujio Nililolipiga Pasi

Jumatatu, 8 Agosti 1994

Baba Najma kaondoka alfajiri kwenda Mtwara kikazi. Anarudi Jumapili. Kaniachia watoto wawili, gari, na sharti. Akirudi akakuta gari zima, basi kila Alhamisi ni langu, nampeleka Najma hospitali mwenyewe. Akikuta lina kasoro, hata kikohozi tu, mdogo wake Anwar analichukua kwenda nalo shamba Chanika, likabebe muhogo na mkaa. Anwar alikuwepo sharti linaposemwa. Akatabasamu. Sikulipenda lile tabasamu.

Najma wangu ana mwaka na miezi miwili. Mguu wa kushoto alizaliwa nao umegeukia ndani. Hospitali wanaunyoosha kidogo kidogo, kila Alhamisi plasta mpya. Plasta yenyewe nzito kuliko mtoto. Mgongo wangu unajua. Na leseni ninayo tangu Juni. Kwa hiyo gari hili halitoki. Halitoki!

Mpango: lisiwe zima tu, liwe jipya. Akirudi aone haya hata kulitaja jina la Anwar.

Nimeosha nje. Nimeosha ndani. Nimefungua boneti. Mwalimu wa udereva alituambiaga chujio la hewa lisafishwe mara kwa mara. Hakusema linasafishwaje. Wanaume hawamalizi maelezo. Nikafungua klipu nne, nikalitoa. Masikini! Karatasi ya duara, marinda matupu, limemeza vumbi lote la Tabata. Na marinda ni yaleyale ya sketi ya shule. Nani atanifundisha mie marinda? Nimelifua kwa sabuni ya unga. Nimelisuuza mara tatu. Nimelitia wanga wa muhogo, ule mzito. Nikalianika kambani. Jioni nikalipiga pasi ya mkaa, rinda moja moja. Limesimama kama askari wa gwaride. Nimelirudisha mahali pake nikalipapasa kidogo.

Nimechoka, lakini uchovu wa heshima.

Jumanne, 9 Agosti

Asubuhi nimewasha gari lisilale betri, kama nilivyoagizwa. Likaamka kwa shida kama mtoto wa shule. Halafu moshi. Mweusi! Na mbele ya usukani kitaa cha njano, chenye picha ya injini. Hakijawahi kuwaka tangu gari litoke bandarini. Nikazima, nikawasha. Kipo. Nikazima, nikapiga bismillahi, nikawasha. Kipo.

Eufrazia akachungulia juu ya ukuta. Huyu ni jirani yangu, mke wa mwalimu Revelian. Wana gari la petroli, na hakuna mtu mtaani ambaye hajaambiwa. Akasema mama Najma, wana Tabata tulikwenda mahakamani kwa moshi wa dampo mpaka dampo likafungwa, na wewe unataka tukushitaki? Akaongeza kwamba dizeli ni ya matrekta. Nikamwambia trekta angalau linatembea. Gari lake wiki ya pili hii liko juu ya mawe, halina tairi. Akaingia ndani. Nimeshinda mie.

Lakini chanzo ni nini? Nimefikiri mpaka uji ukamwagika. Ni Anwar. Juzi alilizunguka gari mikono nyuma kama mnunuzi wa ng'ombe. Kama si Anwar, basi ni jicho la Eufrazia. Hakuna la tatu.

Hatua niliyochukua: nimekata plasta ndogo, ya kidonda, nikaibandika juu ya kitaa. Kimetoweka. Moshi haubandikiki.

Jumatano, 10 Agosti

Kaja fundi Leodegar na mfuko wake. Mtu wa Mahenge, mpole, anazungumza na injini zaidi kuliko na watu. Cha kwanza kauliza nani kabandika plasta pale. Nikasema taa iliumia. Hakucheka. Kauliza nini kimeguswa siku hizi mbili tatu. Nikasema hakuna. Na ni kweli. Kufua si kugusa.

Akachungulia chujio la dizeli kama lina maji. Matone mawili tu. Akafungua nozeli, zinapuliza dizeli vizuri. Akaweka bisibisi kwenye pampu na sikio lake kwenye bisibisi, kama daktari. Pampu nzima. Kisha akabandua plasta, akachomeka kipande cha waya kwenye kiboksi kidogo, na kitaa kikaanza kupepesa. Akasema gari lina namna ya kusema linaumwa wapi, mradi uhesabu. Mwanangu Shamimu, wa darasa la kwanza, akahesabu kwa sauti. Eufrazia kutoka ukutani akasema taa hiyo inamkonyeza fundi, baba Najma aandikiwe barua arudi mapema. Tukacheka, hesabu ikapotea. Kurudia: Leodegar kapata tatu, Shamimu nne, mie nilikuwa nimekimbilia maharage yanaungua.

Leodegar kasema kwa vyovyote ni upande wa hewa. Gari linakosa pumzi, mafuta hayaungui yote, ndiyo moshi. Akapeleka mkono kwenye kopo la chujio. Nikamwambia huko asijisumbue, huko ni kusafi kuliko kabati langu la vyombo. Akaurudisha mkono. Mtu mwenye adabu. Kasema basi tungoje kwanza afikirie, gari lisitembezwe kesho.

Kesho ni Alhamisi.

Alhamisi, 11 Agosti

Nimelitembeza.

Najma nimemfunga kwa kanga kwenye kiti cha nyuma, Shamimu kamshika. Polepole. Kwa kweli hakukuwa na namna nyingine. Nikikanyaga mafuta, gari linapiga kelele na kubaki palepale. Kwenye tuta la reli Buguruni tulipitwa na muuza mikate wa baiskeli, na akatupungia mkono. Nyuma yetu kukawa usiku.

Trafiki akanisimamisha. Kauliza mkaa nimebeba au nauchoma humohumo. Nikampa shikamoo, japo ni mdogo kwangu kwa miaka mitano. Akashtuka. Akachungulia nyuma, akaona plasta. Akasema pita mama, lakini upite haraka. Nikamwambia afande, haraka ndiyo tatizo lenyewe.

Daktari kasema mguu unakuja vizuri sana. Ameuweka mkono wangu kwenye kifundo kabla ya kufunga plasta mpya, nikahisi mwenyewe. Umenyooka! Zimebaki Alhamisi sita. Nisikose hata moja. Nikikosa, mguu unarudi ulikotoka. Nikamwambia sitakosa. Nilisema kwa sauti kubwa, watu wakageuka.

Tulirudi saa tisa. Eufrazia alikuwa kaanika mashuka manne meupe na joho lake la kwaya. Sikukusudia. Upepo ndio ulikusudia. Akatoka, akatazama kamba yake, akanitazama mie, akarudi ndani akafunga mlango. Afadhali angetukana.

Najma kalala, kaniwekea plasta yake mbichi tumboni. Sijisogezi.

Ijumaa, 12 Agosti

Mpango mpya, na huu hauna tundu. Kama Anwar halitaki gari, nani atampa? Inabidi alichukie. Nimemwita baada ya sala ya Ijumaa, nikampikia wali wa nazi na samaki, aje na moyo uliolainika. Nimebandua tena plasta, niliyokuwa nimeirudisha, kitaa kionekane vizuri. Nikawasha. Nikakanyaga mafuta mpaka ua wote ukapotea, kuku wakapotea, na Anwar akapotea. Kutoka ndani ya moshi nikamwambia kwa huzuni, shemeji, mie nakuonea huruma tu, gari lenyewe ndiyo hili.

Akatokeza anachekelea, meno tu ndiyo meupe. Kasema shamba la Chanika lina mbu na ngedere mpaka mihogo haivuniki. Moshi kama ule, asubuhi moja tu, wote watahamia Pugu. Kasema shemeji una roho nzuri, ndugu wengine wangenificha. Kesho kutwa anakuja na magunia yake.

Akala sahani ya pili. Ya samaki wangu.

Nimelia kidogo nikiosha sufuria. Alhamisi sita!

Jumamosi, 13 Agosti

Nimemwomba Leodegar ajaribu tena. Alikuwa chini ya gari, miguu tu nje, Eufrazia alipoingia uani na shuka lenye doa. Nikajua ni vita. Nikampakata Najma, mwenye mtoto hapigwi.

Hakupigana. Akakaa kwenye kigoda, akaniuliza kwa upole natumiaga wanga gani. Jumatatu aliona kambani kwangu kisketi cha marinda, kidogo, cha duara, kimekakamaa hata upepo haukitikisi. Sare za binti yake Bernadeta hazisimami vile hata azifanyeje.

Sifa ni kitu kibaya. Nikajisahau. Nikamweleza kwamba muhogo usichujwe sana, pasi iwe ya moto kweli. Na tena ile si sketi mwenzangu, ni chujio la gari!

Chini ya gari bisibisi ikaanguka.

Leodegar akatoka taratibu. Akafungua klipu nne. Akaligonga chujio: ko, ko, ko, kama mlango. Akaliweka mdomoni akapuliza, mashavu yakajaa, macho yakatoka, hewa haikupita hata chembe. Akalinusa. Akasema mama Najma, gari umeliziba pua kwa uji. Eufrazia akashuka kwenye kigoda mpaka chini, akacheka hadi akaomba maji.

Leodegar kaleta chujio la gari bovu lililoko gereji kwake, kalikung'uta tu vumbi, kalitia. Gari likawaka mara moja. Moshi hakuna. Akachomoa waya wa betri, akarudisha, kitaa kikazimika kabisa. Nikaapa mbele yake sitagusa tena chochote ndani ya boneti. Kaniapisha mara mbili.

Eufrazia kasema baba Najma hatasikia neno, ila mashuka manne na joho nifue mie, na wanga juu yangu. Nikasema mawili. Akasema manne, na joho. Nimefua. Akiyatandika itabidi apande kitandani kwa uangalifu.

Jumapili, 14 Agosti

Kafika! Hata hajavua viatu kaenda kwenye gari. Kawasha. Kasikiliza. Kazunguka nyuma kutazama bomba. Kaweka kiganja, kakitazama. Safi. Kasema haya mama Najma, Alhamisi zako hizo, na mimi sina neno. Nikajifanya natafuta kitu chini asinione machozi. Anwar kaja na magunia kumi na mawili, kaambiwa ayakunje vizuri yasiliwe na panya.

Alhamisi sita, kwa usukani wangu mwenyewe.

Jioni wanaume wako barazani na kahawa, nikafungua boneti kidogo. Kuangalia tu. Pale mbele kuna mkanda wa mpira, ndio unaozungusha feni na kuchaji betri. Tangu mchana ulikuwa ukilia, wii, wii. Nikautazama: umekauka, una nyufa kama visigino. Jana Leodegar alisema ukazwe kidogo. Kukaza! Hata mtoto mchanga anajua ngozi kavu haikazwi, inapakwa. Nimeupaka mafuta ya nazi, ndani na nje, kwa vidole, mpaka ukang'aa. Nikawasha. Kimya! Hata wii moja. Gari linataka mama, si fundi.

Ila kimewaka kitaa kingine. Chekundu, chenye picha ya betri. Na feni inazunguka kivivu, haina hamu.

Nimefikiri sana. Anwar aliliegemea gari wakati anavaa viatu. Nilijua tu.