Heshima ya Mkwe Katikati ya Bahari

Jumatatu, 7 Julai

Tumeng'oa nanga Dar es Salaam asubuhi. Boti ya tanga, ndogo. Jiko langu la kijijini Nkunga ni kubwa kuliko hii, tena haliyumbi. Tunaipeleka Shelisheli kwa mtu aliyeinunua. Nahodha ni Tulia, mke wa mwanangu Lusungu. Lusungu ndiye alikuwa aende naye, akafanyiwa upasuaji wa kidole tumbo wiki iliyopita. Nikajitolea. Nani mwingine kwenye ukoo ana pasi ya kusafiria? Niliikata mwaka ule kwaya yetu ilipoalikwa ng'ambo. Safari ikafa, pasi ikabaki.

Wa tatu ni Yussuph, fundi injini, baba wa watoto wanne. Mtu wa Bagamoyo, ile ya kwetu Tukuyu, si hiyo ya pwani.

Jambo moja sijamwambia mtu humu. Nkunga nimetangaza kwamba nahodha ni mimi. Wazee wa kanisa wanasubiri picha yangu nimeshika usukani, naingiza boti bandarini. Bila picha hiyo nitarudi nyumbani kwa kupitia migombani.

Jumanne, 8 Julai

Nimetapika. Nimetapika mpaka chai ya harusi yangu. Yussuph anasema itapita. Naiona inavyopita, ubavuni mwa boti.

Jioni nikapata nafuu, na wazo likaja. Kwetu mke wa mwanao hakuangalii usoni. Hakai ulipokaa, hakusemeshi, na jina lako halitoki kinywani mwake hata akiota. Wa siku hizi wamelegeza. Tulia hajalegeza. Kazaliwa Ibighi, huko huko kwetu, kasomea ubaharia, lakini miaka yote ya ndoa ninamjua kwa kisogo. Hata humu botini anajitanda kanga na kupita kilango cha mbele ili asinipite karibu.

Sasa, kama hawezi kunisemesha, atanipaje kazi? Kupitia Yussuph! Leo kamwambia Yussuph aniambie zamu yangu ya usukani imefika. Nikamwambia Yussuph amwambie kwamba sijasikia. Yussuph akasema mbona tumekaa watatu kwenye nafasi ya meza moja. Nikamwambia heshima haipimwi kwa meza. Zamu ikapita nikiwa nimelala. Usingizi mtamu!

Alhamisi, 10 Julai

Maisha mazuri sana. Upepo wa ubavuni, jua kidogo, samaki wanaoruka wanadondoka wenyewe. Asubuhi nilihamia jikoni na kukaa kando ya kopo la biskuti. Nilipo mkwe haingii. Hivyo mlinzi wa biskuti ni mimi. Nimezilinda mpaka pakiti ya tatu.

Saa sita nikasikia Tulia akimuuliza Yussuph, kule juu, kama Baba amemaliza kupumzika, maana hawajala tangu jana usiku. Baba hakuwa amemaliza. Yussuph akaja kupika akinitazama kama mtu aliyekopwa. Anadai amechoka kubeba maneno. Nikamwambia mjumbe huwa anapata thawabu. Akasema anaomba thawabu yake iwe biskuti. Nikampa moja, iliyovunjika.

Jumamosi, 12 Julai

Pigo. Tulia kamtuma Yussuph na habari njema: kwa heshima yangu, chumba cha mbele chote ni changu, nisibanane na watu. Nilifurahi, nikahamisha na mto. Ee Kyala, Mungu wangu! Chumba cha mbele ndicho kinachopigwa na mawimbi! Kinapanda, kinaning'inia, kinaanguka. Nimepigwa paji la uso na dari ambayo dakika moja kabla ilikuwa mbali kabisa. Huyu binti ana akili. Namchukia kidogo, na najivunia Lusungu kwa kuoa vizuri.

Halafu ujumbe wa pili. Nahodha anasema asiyekaa zamu zake hatagusa usukani tukiingia bandarini, kwa sababu mlango wa bandari si mahali pa kujifunzia. Hakunitaja. Hajikwai huyo! Lakini humu tuko watatu, na wawili wanakaa zamu.

Picha yangu inazama.

Jumatatu, 14 Julai

Nilipanga hivi. Mkwe hasogei nilipo. Basi nikikalia usukani, nani ataniondoa? Yussuph alikuwa amelala. Tulia akaenda mbele kukaza kamba. Nikachomoka chumbani, nikakaa, nikashika. Akageuka, akaniona, akavuta kanga, akabaki kule kule mbele ameshika mlingoti! Hana njia! Nikaendesha boti. Mimi, Anyitike wa Nkunga, juu ya bahari kuu! Niliimba mapambio yote ninayoyajua na mengine nikabuni.

Likaja wingu jeusi. Nikalicheka. Mimi ni mtu wa Rungwe, mvua tunaamka nayo na kulala nayo. Nikaendelea kuimba. Sikujua kwamba mvua ya huku inakuja na upepo wake, tena unatokea upande mwingine. Tanga likapiga kelele. Ile boriti nzito inayoshika tanga kwa chini ikaanza kuhama.

Hapo nikamsikia Tulia, nikageuka. Kichwa wazi, kanga imeshapeperuka na upepo, macho yamenikodolea.

"Anyitike! Lala chini!"

Nililala. Boriti ikapita palipokuwa kichwa changu, ikagonga upande wa pili, boti nzima ikalia. Tulia alishafika, kanikanyaga mkono, kashika usukani. Yussuph akatokea na chupi, akashusha tanga. Mvua ikatupiga, ikaondoka. Jina langu lilikuwa limebaki hapo katikati yetu.

Jumanne, 15 Julai

Tulia hajatoka chumbani tangu jana isipokuwa kwa zamu, na zamu anakaa ameufunika uso wote. Yussuph anasema binti analia. Kaleta ujumbe: amekosa sana, kumtazama baba na kumwita jina, na tukirudi Nkunga atatoa ng'ombe wa faini.

Ng'ombe! Nakiri nililala kitandani nikimchagulia rangi. Mweusi, mwenye baka jeupe. Lakini kila nikifumba macho naisikia boriti ile ikipita. Nina miaka sitini na tatu, na wajukuu ambao sijawaona hata wakiota meno. Nikatoka, nikampita Yussuph aliyekuwa ameshajiandaa kutumwa, nikasimama kwenye kilango cha chumba chake.

"Mwanangu," nikasema, "ungeniita kwa heshima, ningekuwa marehemu. Sitaki ng'ombe. Njoo tunywe chai."

Akaja. Tumekunywa chai watatu, uso kwa uso. Kumbe ana mwanya. Kumbe anacheka kwa kukoroma, sawasawa na marehemu mama yangu. Kanisimulia Lusungu alivyotapika safari yao ya kwanza, nikacheka hadi mbavu zikauma. Nimefurahi leo kuliko siku nyingi. Nilikuwa na binti ndani ya ukoo na sikumjua.

Alhamisi, 17 Julai

Huyu mtu ana maneno! Tangu aanze kunisemesha hajapumzika. Baba, zamu. Baba, sufuria. Baba, piga pampu, maji yamejaa chini. Baba, biskuti zimekwenda wapi. Anauliza kwa adabu zote na kusubiri hapo hapo mpaka nijibu. Yussuph amejinyoosha kivulini, anakula mkate, anasema ujumbe umemshinda, amestaafu. Mikono yangu imechubuka kama ya mchuma chai wa msimu wa kwanza.

Lakini zamu nimezikaa zote.

Ijumaa, 18 Julai

Tumefika! Milima ya kijani, mawingu yamekaa juu yake, nikadhani tumezunguka tukarudi Tukuyu. Kwenye mlango wa bandari Tulia akasema, "Baba, shika usukani." Akasimama kando yangu akininong'oneza kushoto, kulia, polepole, mpaka boti ikagusa gati bila hata kukwaruza. Yussuph akapiga picha. Ndani ya picha mimi natazama mbele kama jemadari, na kidole cha Tulia kinanionyesha mahali pa kwenda. Nimeituma Nkunga. Nimeandika kwamba huyo ni msaidizi wangu.

Jumamosi, 19 Julai

Boti inakabidhiwa kesho, lazima ing'ae. Asubuhi nikamwona Tulia anakuja na ndoo na brashi tatu, ananitazama. Nikawahi. Nikamgeukia Yussuph, nikamwambia amwambie mkwe wangu kwamba dharura ya bahari imekwisha, tuko nchi kavu, na kuanzia sasa heshima imerudi.

Nikamsikia akijitanda kanga. Yussuph akaleta jibu: mkwe amekubali, tena anashukuru sana kukumbushwa. Na kwa kuwa hawezi kukaa nilipo, wala kula nilipo, wala kulala nilipo, yeye na Yussuph wanahamia hotelini. Heshima haimruhusu hata kurudi kuchukua brashi.

Wameondoka. Boti nzima imebaki yangu! Hakuna wa kunituma. Hakuna wa kuniuliza biskuti. Nimeshapiga deki mbele na nyuma, sasa namalizia sufuria. Huyu binti bado hajanijua mimi ni nani.