Malalamiko Kuhusu Babu Yangu Kuzamishwa Mto Zigi

Masoud Suleimani Safari,
Nguvumali, Tanga.
Jumanne.

Kwa Mwenyekiti,
Kikundi cha Matembezi ya Vita na Mto,
Tanga.

Ndugu Mwenyekiti, Bi Najat,

YAH: KUDHALILISHWA KWA MAREHEMU BABU YANGU MBELE YA WAGENI WALIOVAA MABOYA

Baada ya salamu zangu za heshima, nikitumai kwamba wewe na wanakikundi wote hamjambo na boti yenu inaelea, naomba kuleta mbele yako malalamiko yafuatayo. Nayaandika bila hasira. Hasira niliimalizia kwenye barua ya kwanza, ambayo mke wangu Shadya aliisoma, akacheka, akafungia vitumbua.

Kwa faida ya kumbukumbu, mimi ni karani mstaafu wa forodha. Miaka ishirini na tisa nimekaa mpakani Horohoro nikiwauliza watu wamebeba nini, na nilikuwa najua mwongo kwa namna anavyoshika begi lake. Nataja hili ili usidhani unaandikiwa na mtu wa kudanganyika kirahisi.

1. Mtaa wetu mzima unajua kwamba babu yangu, Mzee Safari, alipigana vita vya Tanga mwaka 1914, pale Waingereza walipoleta askari kutoka India kwa meli ili wauteke mji kutoka kwa Wajerumani. Nimewasimulia wanangu, wajukuu zangu, madereva wa malori waliokuwa wakisubiri mihuri, na wageni wa harusi zisizopungua tisa. Babu alikuwa askari. Alisimama peke yake juu ya tuta la reli na bunduki moja, akawarudisha Waingereza melini. Sijawahi kusema aliwarudisha wote. Nimesema wengi.

Mwezi uliopita, fundi baiskeli wetu, Alexander, alirudi kutoka kwenye matembezi yenu. Aliniamkia kama kawaida, kisha akaniuliza kwa upole kama kujificha majini ni jambo la ukoo wetu. Sikumwelewa. Akanieleza. Kesho yake nikaja ofisini kwenu kuandikisha jina, nikaandika Masoud Suleimani tu. La babu nililiacha makusudi, ili nikague mzigo wenu bila nyinyi kujua mkaguzi ni nani.

2. Malalamiko yangu ya pili ni kwamba mwongozaji wenu, Praxeda, ana adabu kupita kiasi. Binti huyu ambaye, kama alivyotueleza mwenyewe, babu yake mzaa babu aliletwa huku kukata mkonge, aliniambia "Shikamoo babu" kabla sijashuka kwenye bajaji, akanipa mwavuli wake, na kila tulipotembea zaidi ya hatua mia moja akatafuta sababu ya kusimama ili nipumue bila kuaibika. Mtu wa namna hiyo ni vigumu sana kumlalamikia, na naamini mmemchagua kwa sababu hiyo.

Alitutembeza kutoka Ras Kasone, askari waliposhukia, mpaka makaburini. Pale kwenye mawe yenye majina, mwalimu mmoja kutoka Moshi anayeitwa Bryson, ambaye huandika kila kitu kwenye daftari, aliuliza wapagazi wamezikwa wapi.

"Hao hawakuandikiwa, mwalimu," Praxeda akajibu. "Walikamatwa njiani wakienda shamba, wakatwishwa mizigo ya jeshi. Aliyekufa alizikwa palepale alipoangukia. Lakini mmoja tunamjua. Aliitwa Safari. Tutamkuta mtoni."

Nikanyoosha mkono. "Huyo Safari alikuwa askari," nikasema.

"Babu, kwani unamfahamu?"

"Nimesikia habari zake."

Nakiri, Bi Najat, kwamba hapo sikutoa tamko kamili la nilichobeba.

3. Nyuki. Sipingi kwamba nyuki walikuwepo. Kila mtoto wa Tanga anajua kwamba risasi zilitibua mizinga vichakani, na nyuki wakauma jeshi hili na jeshi lile bila kuuliza bendera. Ninachopinga ni matumizi ya nyuki hao dhidi ya familia moja. Praxeda alisimama karibu na reli, kwenye tuta langu hasa, akaonyesha kwa mikono miwili jinsi mpagazi Safari alivyotupa sanduku la risasi mtaroni, akavuta shuka kichwani, akakimbia kuuzunguka mji kuelekea Mto Zigi. Wageni walicheka. Na mimi nilicheka, kwa sababu binti anaigiza vizuri, na hilo naliingiza hapa kama lalamiko la nyongeza.

4. Mto wenyewe ulinivurugia kazi. Nilikuwa nimepanga kutumia saa nzima ya boti kuandaa hoja. Badala yake nahodha wenu, Nasri, alizima mashine tulipoingia katikati ya mikoko, akatuambia tukae kimya. Basi tukakaa kimya. Ndege mdiria wa rangi ya buluu alipiga mbizi, akatoka na samaki. Kenge alishuka gogoni bila haraka, kama mkubwa anayetoka ofisini. Akina mama wawili waliozama mpaka kiunoni walikuwa wakibandua chaza kwenye mizizi huku wakizungumza habari za mkwe wa mtu. Nimezaliwa Tanga, nina miaka sabini na tatu, na sikuwahi kuuona mto huu isipokuwa kutoka juu ya daraja. Nilipokumbuka kuandaa hoja, tulikuwa tumefika kijijini kwa chakula cha mchana.

5. Hili ndilo zito. Mwenyeji aliyetupikia chakula, na ambaye kikundi chako kinamtaja kwa wageni kama "mwenye hadithi", ni dada yangu Saleha.

Naomba nieleze. Dada Saleha ana miaka themanini na moja. Miaka kumi na moja iliyopita, kwenye harusi ya binti yangu, nilisimama kusimulia habari za babu na tuta la reli. Nilipofika kwenye bunduki, dada alicheka. Alicheka mbele ya wakwe, mpaka akaomba maji. Toka siku ile sikukanyaga kwake, hata alipohamia huku mtoni. Alituma watu, sikujibu. Alituma samaki, nikala, sikujibu. Nilijiambia ananisubiri nimwombe radhi yeye, wakati aliyekosewa ni mimi. Na sasa naletwa mlangoni kwake nimevaa boya la rangi ya chungwa, nikiwa mgeni namba sita.

Alikuwa ameinamia chungu. Akainua uso, akanitazama kutoka kwenye kofia mpaka kwenye viatu.

"Shikamoo dada," nikasema. Mtu hawezi kuacha kumwamkia dada yake, hata akiwa mkaguzi.

"Marahaba. Kumbe miguu unayo," akasema. "Vua hilo boya, hapa ni nchi kavu."

Wageni wote wakanigeukia. Praxeda alishika mdomo. Mwalimu Bryson akafungua ukurasa mpya.

6. Chakula. Wali wa nazi, kaa wa kukaanga, mchuzi wa chaza na ndimu. Nalalamika kwamba ni vigumu kubishana na mtu ambaye anakuongezea kaa.

7. Baada ya kula, dada alisimulia, na mimi nilimkatiza mara tatu. Mara ya kwanza nilisema babu hakuwa mpagazi. Dada akauliza, kama alikuwa askari, mbona hakujua kushika bunduki mpaka anakufa, hata nguruwe walipovamia mihogo akawafukuza kwa debe? Mara ya pili nilisema hakuna mtu anayefukuzwa na nyuki masafa yale yote. Dada akakubali. Akasema nyuki walikuwa wamekata tamaa zamani, ila babu hakugeuka kuwatazama. Aliingia majini mpaka shingoni, akajipaka tope usoni, akakaa kwenye mizizi ya mikoko mpaka siku ya pili. Msichana mmoja aliyekuja kubandua chaza aliona kichwa cha tope kinapepesa macho, akakipiga kwa upawa. Kikalia. Akakivuta mpaka ukingoni, akakaa nacho asubuhi nzima akikichomoa miiba ya nyuki kwa kucha. Huyo msichana ndiye bibi yetu.

Bibi aliyenilea na kunifunga vifungo vya shati la shule, Bi Najat, hajawahi kuniambia kwamba alimpata mumewe kwa kumpiga kichwani.

Mara ya tatu nilisimama. Nilisema, mbele ya watu wote, kwamba babu hakuwa mwoga.

Dada Saleha hakucheka safari hii. Alisema: "Walikamatwa wanne siku moja, kijiji kimoja. Watatu waliobaki na mizigo walipelekwa bara na jeshi, na hakurudi hata mmoja. Mama zao walikuwa wakija kwa babu kila Idi, wamwangalie tu, kisha waende zao. Kila Idi, Masoud. Yeye akikaa pale mlangoni amevaa kanzu, aangaliwe. Nani amekwambia mwoga anaweza hilo?"

Nikamuuliza yeye kaambiwa na nani, na kwa nini mimi sikuambiwa, wakati nililala chumba kimoja na babu mpaka nilipopanda darasa la saba.

"Mimi nilikuwa nikimkanda mgongo, nikamuuliza," akasema. "Wewe hukumuuliza. Wewe ulikuwa ukimsimulia."

Ni kweli. Nilikuwa darasa la tano. Mwalimu alituambia tuandike habari za wazee wetu, na mimi niliandika tuta, bunduki na meli, nikamsomea babu jioni yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Na huyu jamaa alipona?" Nikamwambia alipona. Akasema, "Vizuri." Toka hapo nilijua ameniunga mkono.

Nilikaa chini. Mwalimu Bryson akafunga daftari lake bila mtu kumwambia. Praxeda akatazama mtoni, na Nasri akakumbuka kwamba ana kamba ya kukagua.

Kwa kuzingatia hayo yote, Ndugu Mwenyekiti, nadai yafuatayo:

(a) Babu yangu arudishwe juu ya tuta la reli mara moja. Akipewa bunduki nitashukuru. Isipopatikana, hata fimbo inatosha.

(b) Nyuki waondolewe kwenye vita. Kama haiwezekani kwa sababu za kihistoria, wapunguzwe.

(c) Vita na mto vitenganishwe, kila kimoja kiwe na siku yake, ili mtu anayetoka vitani asipate njia ya kufika mtoni. Najua vyote viwili viko Tanga na havihamishiki. Nawaachia wanakikundi mtafakari.

(d) Upawa ufutwe kabisa. Ukoo wetu hauwezi kuanzia kwenye upawa.

(e) Dada yangu Saleha azuiwe kusimulia, au, kama mtashindwa kumzuia, kwani baba yetu alishindwa na walimu watatu walishindwa, basi azuiwe kupika siku anazosimulia, ili wanaotaka kumpinga wawe na nguvu ya kufanya hivyo.

Nategemea majibu yenye saini na muhuri. Msipojibu nitapeleka suala hili ngazi ya juu, nikishaijua ni ipi.

Mfikishie salamu nahodha Nasri, na umwambie kizibo cha tangi lake la mafuta kimelegea. Msalimie Praxeda, mwambie mwavuli wake ninao, nimeukausha. Wasalimie wanakikundi wote, na akina mama wa chaza, ambao naomba waniambie yule mkwe aliishia wapi.

Naomba kuishia hapa, nikiwa bado nimekwazika kwa heshima zote,

Masoud Suleimani Safari,
Karani wa Forodha (Mstaafu).

N.B. Leo ni Jumamosi. Barua hii imechelewa kwa sababu sikuwa Nguvumali nilipoiandika. Anwani ya juu ni ya mazoea. Niko kwa dada Saleha tangu siku ile ya matembezi. Boti iliondoka na wageni watano, nami nikabaki, kwanza ili nimalize kubishana, kisha Shadya akaniletea nguo.

Jana nilimtaka dada anionyeshe mahali penyewe, kwani ukaguzi usiofika eneo la tukio hauna maana. Akanionyesha. Leo asubuhi nikaingia, na suruali yangu, mpaka shingoni, nikakaa kwenye mizizi nione kama mtu anaweza kuvumilia mpaka siku ya pili. Dada alikaa ukingoni, akinisimulia majina ya wale watatu na mama zao, mmoja baada ya mwingine, nami nikiyarudia ili nisiyasahau. Hatukusikia boti yenu ikija. Wageni walianza kupiga picha. Praxeda akawaambia kwa sauti yake ile ya makaburini, "Na huyu ni mjukuu wake." Nikanyanyua mkono.

Mmoja akauliza kama ni kweli kwamba babu yangu alikimbia. Nikamjibu kwamba alikimbia vizuri sana.

Madai (a) mpaka (e) yafutwe. Badala yake naomba nipewe dakika kumi kila Jumamosi, baada ya chakula, dada akishamaliza. Na tafadhali waelezeni wageni wenu kwamba maji ya hapa asubuhi ni ya baridi, maana babu hilo hakumwambia mtu.