Sufuria ya Pilau Iliyoshikwa na Uchungu

Wanajamvi, leo nimedhalilika. Sitaki kuzunguka. Nimedhalilika mchana kweupe, mbele ya wifi yangu, mbele ya wanangu, mbele ya mataifa ambayo hata bendera zao sizijui, na aliyenidhalilisha ni pilau niliyoipika kwa mikono yangu mwenyewe. Nimekaa hapa kwenye kompyuta ya jirani, tumbo nimelipaka asali (mtaelewa), nina hasira mpaka vidole vinagonga herufi zisizohusika. Mkiona makosa, ni hasira.

Wifi yangu Zuhura, dada wa mume wangu, amekuja kutoka Tanga na wanawe wawili, likizo ya shule. Mnajua wifi akija Dubai anakuja na nini? Anakuja na macho. Alikiangalia chumba chetu hapa Satwa. Akaangalia kitanda. Akaangalia pazia linalotenganisha kitanda na jiko. Kisha akasema, "Kumbe ndiyo Dubai yenyewe."

Basi, hakuongeza neno! Lakini nilijua Tanga nzima itaambiwa hivyo hivyo, na kwa sauti ile ile. Nikamwambia, "Wifi, watoto wajiandae. Nawapeleka kwenye bustani ya maji."

Kwa ambao hamjafika huku: ni kiwanja kikubwa chenye mabwawa, mabomba marefu ya kuteleza, na mto wa kutengenezwa ambamo unalala juu ya boya na maji yanakuzungusha kama mfalme. Watoto wanaisikia kwenye redio mpaka wanaiota. Kiingilio nilikipata kwa kuponi za punguzo, nilizozikata kwenye magazeti ya madam wangu kule Al Warqa ninakofanya kazi za ndani (alikuwa ameshayasoma, msinianze).

Tatizo ni chakula. Haturuhusiwi kuingia na chakula! Mnasikia? Mtu ulipe kiingilio, watoto wanne waogelee mpaka washikwe na njaa ya simba, halafu ukanunue chipsi kiganja kimoja kwa bei ambayo huku Satwa unapata kuku mzima na mkate juu. Huo ni mtego. Maji yanamtia mtoto njaa, wao wanauza chakula. Nani asiyeona?

Mimi nikaona. Nikaamka alfajiri, nikapika pilau ya nyama, nikaipakua kwenye sufuria ndogo yenye mfuniko. Juisi ya ukwaju nikaitia kwenye chupa ya plastiki. Mabegi wanayapekua mlangoni, hilo nalijua. Lakini tumbo la mtu, nani atalipekua?

Nikaizungushia sufuria taulo, nikaifunga tumboni kwa kanga mbili, chupa ya ukwaju nikaichomeka juu yake, nikavaa baibui. Nikajiangalia kwenye kioo. Mimba ya miezi minane, haina dosari! Tena nilipendeza.

Wifi akanitazama akasema, "Wifi, wewe una mambo."

Nilidhani ananisifu.

Tukapanda teksi. Kufika, foleni ndefu, jua la Juni limesimama kichwani, hakuna kivuli. Nikaanza kusikia kitu. Kila nikipiga hatua, tumbo linalia. Kle! Kle! Ni mfuniko. Mwarabu mmoja mbele yangu akageuka, akanitazama usoni, akanitazama tumbo, akageukia mbele akiwa amekunja uso. Nikawa natembea kwa kuburuza miguu ili lisilie, na hapo ndipo nikafanana na mjamzito kweli kweli.

Halafu taulo likateleza.

Jamani. Sufuria ya pilau iliyotoka motoni, ngozi yangu, na katikati yao hakuna kitu. Nikasema "Sss!" Nikashika kiuno. Nikainama kidogo. Dada mmoja wa ulinzi, mwenye sare na kofia, ambaye kazi yake ni kukagua mabegi, akaniona. Akaja mbio. Akaniuliza kwa Kiingereza mimba ina miezi mingapi. Nikamwonyesha vidole vinane. Akatikisa kichwa kwa huruma, akanishika mkono, akanitoa kwenye foleni, akatupeleka sote mbele mpaka mlangoni. Watu wakatupisha. Mabegi yetu hata hakuyafungua.

Nikasema moyoni, nimepita! (Ungekuwa mwisho wa kisa, ningekuwa nawaandikia mapishi.)

Mwanangu wa mwisho, Jabiri, miaka minne, akaanza kuruka na kuvuta baibui langu. "Mama twende! Mama twende!" Kila akivuta, sufuria inashuka. Nikamkemea, "Jabiri! Tulia, nitakuzaba kofi!"

Yule dada wa ulinzi akasimama.

"Wee! Nani anamtishia mtoto kofi kwa Kiswahili hapa?"

"Ni mimi," nikasema.

"Nyie wa wapi?"

"Tanga."

"Tanga! Mimi wa Muheza!"

Na akanikumbatia.

Ndugu zangu, kuna watu wanakumbatia kwa adabu, wanakugusa mabega na kukuachia. Huyu alinikumbatia kama nimerudi kutoka vitani. Alinibana. Sufuria ikanichoma kwa duara zima. Chupa ya ukwaju ikabinywa, kifuniko kikaachia, nikasikia kitu cha uvuguvugu kinashuka kwenye mapaja, kinafika magotini, kinaingia kwenye viatu.

Yule dada akaniachia. Akatazama chini. Dimbwi la kahawia.

"Mungu wangu!" akapiga kelele. "Chupa imepasuka!"

Nami, kwa jinsi nilivyopagawa, nikajua ameshanigundua. Nikajitetea, "Haijapasuka! Kifuniko tu kimelegea!"

Akanitazama kwa huruma kubwa zaidi. Akamgeukia wifi yangu. "Uchungu umempanda kichwani. Anaweweseka."

Mnajua wifi yangu alifanya nini? Zuhura, aliyeniona asubuhi najifunga sufuria, aliyenishikia kanga nifunge fundo? Alitakiwa aseme kitu. Neno moja tu. Akasema, "Maskini."

Maskini!

Kiti cha magurudumu kikaja, kinasukumwa na mlinzi mwingine, Mkenya. Nikasukumizwa ndani yake. Kukaa ndiyo balaa kabisa, kwa sababu sufuria ikabanwa kati ya mapaja na mbavu. Nikapiga yowe. Yule Mkenya akaongeza mbio. "Mathe, vumilia! Tuko karibu! Pumua tu!" Tunapita katikati ya watu waliovaa nguo za kuogelea, wanakusanya watoto wao kutupisha, mama mmoja Mzungu ananipungia mkono huku machozi yanamlengalenga. Wanangu wanakimbia nyuma wanacheka. Walidhani ni mchezo wa kwanza wa bustani.

Dada wa Muheza anakimbia pembeni yangu, simu mkononi. "Namba ya mumeo! Nipe namba ya shemeji!"

"Usimpigie!" nikasema. "Nakuomba usimpigie!"

"Wote husema hivyo," akajibu.

Na wifi yangu, kwa utulivu kabisa, akamtajia namba ya kaka yake.

Mume wangu yuko karakana ya vyuma kule Al Quoz, anachomelea mageti. Simu yenyewe niliisikia kwa masikio yangu, maana dada wa Muheza anaongea kama anaita mtu ng'ambo ya mto. "Shemeji! Mkeo ameshikwa na uchungu! Wa nini? Wa kujifungua, shemeji, wa nini tena! Halo? Shemeji? Halo?"

Simu ikakatika.

Wakanifikisha kwenye chumba cha huduma ya kwanza. Nesi Mfilipino, mpole, sauti ya kubembeleza, akanilaza kitandani. Akasugua mikono yake ipate joto (joto! mimi!). Akaweka kiganja tumboni. Akapapasa kushoto. Akapapasa kulia. Akakunja paji la uso. Akagonga kidogo kwa kidole.

Kle.

Akagonga tena.

Kle.

Akamtazama dada wa Muheza. Dada wa Muheza akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari. Wakafunua baibui, wakafungua kanga ya kwanza, wakafungua ya pili, na harufu ya iliki na mdalasini ikajaa chumba kizima.

"Hii nini?" akauliza dada wa Muheza.

"Pilau."

"Ya kuku?"

"Ya nyama."

Halafu Jabiri, mlangoni, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitumia kwenye kusoma Kurani: "Mama kazaa pilau!"

Yule Mkenya akatoka nje. Nilimsikia huko koridoni anagonga ukuta kwa ngumi. Nesi hakucheka, Mungu ambariki, alinipaka dawa kwenye jeraha, ingawa mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nina duara jekundu tumboni kama muhuri wa uhamiaji.

Na dada wa Muheza? Angenigombeza ningefurahi. Alinisikitikia. "Dada, si ungeniuliza tu? Pale nje pana kivuli na viti. Watu wanakula huko, wanagongwa muhuri mkononi, wanarudi ndani."

"Sasa nani aliniambia?" nikafoka. "Imeandikwa wapi?"

"Pale mlangoni. Kwa lugha tatu."

Kabla sijamfokea tena, mlango ukafunguka, akaingia mume wangu. Ovaroli limejaa masizi, miwani ya kuchomelea iko kwenye paji la uso, anahema. Akanitazama mimi. Akatazama sufuria. Akatazama dada yake. Akarudi kwangu.

"Mama Sabra," akasema, taratibu sana. "Asubuhi nimekuacha na tumbo lako la siku zote."

"Baba Sabra, nitakueleza."

"Tangu Al Quoz mpaka hapa nimekuwa nahesabu miezi. Nimehesabu mbele, nimehesabu nyuma."

Nikamweleza. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Akaufunga mlango, akasema, "Fomeni yuko nje."

Hapo nikakaa.

Fomeni wake ni mzee wa Kipakistani, mkali kazini, hatoi ruhusa hata mtu akiumwa jino. Leo, aliposikia mke wa mfanyakazi wake anajifungua, alizima mashine kwa mkono wake, akachukua funguo za pikapu ya kampuni, akaendesha mwenyewe, huku anasoma dua njia nzima. Akijua ameacha geti la mteja kwa ajili ya sufuria, khalas, mume wangu hana kazi. Na kazi ndiyo viza. Viza ndiyo ada za watoto.

"Sasa tufanyeje?" nikauliza.

Mume wangu akaitazama sufuria.

"Hapana," nikasema.

"Mama Sabra."

"Hapana! Naungua!"

"Imeshapoa."

Ndugu zangu wanajamvi, nimefungwa pilau upya. Safari hii kwa taulo la nesi, na aliyekaza kanga ni dada wa Muheza, mlinzi wa mlango, aliyeajiriwa kuzuia chakula kisipite! "Nyanyua mikono, shoga yangu," ananiambia, "hili fundo la Muheza halifunguki." Nikarudishwa kwenye kiti cha magurudumu. Nikasukumwa tena katikati ya watu wale wale. Safari hii walipiga makofi. Yule mama Mzungu akanirushia busu.

Wifi yangu, mnadhani alikuja nami? "Nenda, wifi," akasema, ameshavaa boya kiunoni. "Sisi tubaki na watoto. Tiketi zisipotee bure." Yangu mimi imepotea bure! Maji ya bustani ile sijayagusa hata kwa kidole!

Kwenye pikapu nikakalishwa mbele, mume wangu akapanda nyuma. Fomeni alitaka kunipeleka hospitali. Mume wangu akachungulia dirishani akamwambia uchungu umekata, madaktari wamesema bado siku zake. "Alhamdulillah, inshallah salama," mzee akasema, akaendesha kama amebeba mayai. Kwenye kila tuta anasimama kabisa, anapanda, anashuka, ananiuliza kama mtoto yuko sawa. Nilikuwa naona aibu mpaka kwenye kucha.

Halafu akaanza kunusa. Akanusa juu. Akanusa kiyoyozi. Akaniuliza, "Biriani?"

"Pilau," nikajibu, kabla sijajizuia. "Nina hamu nayo. Hii mimba... nanukia pilau tu."

Akatabasamu. Akasema mke wake, kwa mtoto wao wa tatu, alinukia vitunguu miezi sita.

Tumefika nyumbani, pilau tumeila wawili, mimi na mume wangu. Ilikuwa tamu. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Jioni wifi akarudi na watoto, macho mekundu kwa maji, wamechoka, wamefurahi, na wamekula chipsi. Wamekula chipsi! Zile zile! Kwa pochi yangu niliyomwachia anishikie!

Sasa hivi, kabla sijakaa hapa, mume wangu amepigiwa simu na fomeni. Ijumaa mke wake anakuja kunijulia hali. Anakuja na supu ya mbuzi na nguo za mtoto.

Kwa hiyo somo la leo siwapi, kila mtu atafute lake. Mimi natafuta mto mdogo wa duara. Mwenye nao aniazime kabla ya Ijumaa, na asicheke wakati ananikabidhi.