Kisu cha Mke Wangu na Mashine ya Serikali

Jumatatu, 4 Machi
Mashine imewashwa. Kubwa kama majokofu mawili yaliyolazwa! Miaka kumi na miwili nimepekua mizigo kwenye uwanja huu wa ndege kwa vidole hivi, leo serikali inamwaga fedha kununua jicho la umeme la kuona ndani ya mabegi. Fedha ambazo zingeziba paa linalovuja juu ya meza yangu. Anayeiendesha ni binti aliyeajiriwa juzi tu, namwita Miwani. Msimamizi anasema Alhamisi watu wa wizara wanakuja kupima kama faida inafikia gharama. Ikifikia, meza yangu inaondolewa. Mimi pamoja nayo.

Jumanne, 5 Machi
Dawa imepatikana. Shemeji, kaka wa mke wangu, anasafiri Alhamisi na begi lake liko kwetu. Nimetia humo kisu cha jikoni. Mashine ikishindwa kukiona, nitakitoa kwa mkono mbele ya wageni. Nimekiviringisha taulo mbili, nikakisokomeza ndani ya buti, buti nikalifunika blanketi. Nimepapasa nimefumba macho. Sikuhisi kitu! Vidole vyangu vikishindwa, mashine itaweza?

Jumatano, 6 Machi
Mke wangu anatafuta kisu. Amemshuku jirani, hawasalimiani. Nimenyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Alhamisi, 7 Machi
Mshindo umekuja. Begi liliingia, kisu kikaonekana kwenye kioo kuanzia mpini hadi ncha, kana kwamba taulo hazipo. Miye nilikificha kisiguswe, sikukificha kisionekane. Askari akamshika shemeji mkono. Maskini, hajui hili wala lile. Akakitazama kisu, akanigeukia.

"Shemeji, hiki si kisu cha dada?"

Jasho! Kazi imekwenda, na shemeji anakwenda rumande. Ndipo Miwani akainuka. Akawaambia wageni kwamba ni jaribio, nimelipanga mimi, mpekuzi mzoefu kuliko wote, kwani mashine ghali isiyojaribiwa ni pambo tu. Wakapiga makofi. Mkuu wao akasema fedha ya serikali haikupotea, kisu kile mikono ingekipitisha. Kweli ingekipitisha. Nikafikiria ndege ile na watu wote waliomo. Nimemshukuru Miwani kwa moyo wote, nikamnunulia chai. Shemeji amefika salama. Hapokei simu zangu.

Jumamosi, 9 Machi
Barua imetoka. Nabaki kazini, sasa ni mjaribu wa mashine! Kila wiki nitaficha kitu kwenye begi maalumu la ofisi, kwa kibali cha msimamizi. Nimemshukuru Mungu, serikali, Miwani, hata mashine nimeipangusa vumbi. Kisu kimerudi jikoni, mke wangu amemwomba jirani radhi. Nani kama mimi?

Ila begi la ofisi! Mashine si italizoea? Jaribio la kweli linataka abiria wa kweli. Mama mkwe anasafiri Jumatatu. Kwa upendo wake ameniachia begi nimfungie zipu.

Mke wangu ameanza kutafuta mkasi.